Je, Mwenye Chale Asiwe Muuguzi?





Safari hii tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo, tena la vijana, lisilostahili kurasa za Tume ya Haki na Amani. Tumezoea kuwaandikia juu ya mipaka ya mashamba, mifugo iliyoingia katika mahindi, na tembo wanaotoka hifadhini kuja kula jasho la watu. Lakini jambo hili dogo limemgharimu binti mmoja mwaka mzima wa maisha yake, na waliolisababisha si serikali wala matajiri. Ni sisi, tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Binti huyo, ambaye hatutamtaja jina wala jumuiya yake, alimaliza kidato cha nne akafaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia kwa kiwango cha kumwezesha kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi na ukunga. Wanaojua shule za upande huu wetu wa Kisaki, ambako mwalimu wa sayansi aweza kuhamishwa katikati ya muhula na mwingine asiletwe, wataelewa kwamba hilo si jambo la kila siku. Miongoni mwa karatasi alizotakiwa kupeleka ilikuwamo barua ya viongozi wa dini yake yenye kushuhudia mwenendo wake. Akaja kuiomba, kama wengine walivyoomba kabla yake.

Juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia pana maandishi ya wino wa buluu, herufi tano tu. Ni jina la marehemu mama yake. Alichorwa alipokuwa kidato cha pili, na kijana mmoja mwenye sindano na kichupa cha wino. Mzee mmoja katika kikao aliyaona maandishi hayo binti alipokuwa akikabidhi bahasha, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena habari za mwenendo wake. Yalisemwa mambo matatu: kwamba Maandiko yanakataza; kwamba hospitali haitampokea kwa kuwa hata polisi hawapokei mtu aliyechorwa; na kwamba Kanisa litaaibika likimdhamini mtu mwenye tatuu. Barua haikukataliwa. Iliahirishwa. Na kama mjuavyo, kuahirisha ni namna yetu ya kukataa bila kutamka. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikapita.

Wajumbe wawili wa Tume hii walikuwamo katika kikao hicho. Walinyamaza. Ndiyo sababu twaandika, wala hatuandiki kama watu wasio na deni.

Tuanze na Maandiko, maana ndiyo yaliyofunga mjadala. Ni kweli kwamba Kitabu cha Walawi, sura ya 19, aya ya 28, kinawakataza wana wa Israeli kujichanja miili kwa ajili ya wafu na kujiandika alama. Tusilikwepe neno hilo, hasa kwa kuwa alama ya binti huyu ni ya mama aliyekufa. Lakini twaomba kila aliyelitumia afungue sura hiyohiyo aisome yote. Aya iliyotangulia inakataza kunyoa pembe za ndevu. Katika kikao kile wanaume karibu wote walikuwa wamenyoa. Aya ya 19 inakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Wengi wetu tulikuwa tumevaa mashati ya pamba iliyochanganywa na nailoni. Hatusemi hayo kwa mzaha. Twasema kwamba Kanisa halikuzipokea amri hizo za usafi wa kale zote kwa namna moja, na kwamba tulichagua ile inayomhusu msichana tukaziacha zinazotuhusu sisi. Katika sura hiyohiyo zimo amri ambazo hazikupitwa na wakati hata kidogo: kutolaza ujira wa kibarua hadi asubuhi, kutomwekea kipofu kikwazo, kutoa hukumu ya haki pasipo kumpendelea mkubwa, na kumpenda jirani kama nafsi yako. Zimeandikwa kabla ya aya ile ya alama, wala hakuna aliyezitaja siku ile.

Israeli walikatazwa kwa kuwa majirani zao walijichanja kama ibada kwa wafu na kwa miungu yao. Binti aliyeandika jina la mama yake hakumwabudu mama yake. Alimlilia kwa njia ambayo vijana wa leo hulilia. Sisi huandika majina ya marehemu wetu kwenye saruji ya kaburi, na wengine hushona sare zenye picha ya marehemu kifuani.

Tena alama mwilini si jambo geni kwa Wakristo. Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na wanawake wengi Wakristo wa Ethiopia na Eritrea wamechorwa msalaba kwenye paji la uso. Marehemu Papa Fransisko aliulizwa juu ya tatuu mwezi Machi 2018 mjini Roma, katika mkutano wa vijana wa kuandaa Sinodi. Aliyeuliza alikuwa mseminari kutoka Ukraine. Jibu lake lilikuwa kwamba mchungaji asiogope tatuu, akawakumbusha hao Waeritrea na misalaba yao, akaongeza kwamba alama hiyo yaweza kuwa mlango wa mazungumzo: muulize kijana ni ya nini, utamjua. Sisi hatukumuuliza. Habari za herufi tano tulizipata miezi baadaye, kwa shangazi yake.

Sasa tutazame nyumbani. Ni nani kati yetu, aliyezaliwa huku kati ya milima ya Uluguru na mto Mgeta kabla ya zahanati kusogea, ambaye hakupokewa na mikono ya mkunga wa jadi? Na wangapi kati ya mabibi hao hawakuwa na chale: mbili kwenye paji la uso, tatu kifuani, nyingine mgongoni? Wengine walichanjwa utotoni kwa degedege, wengine kwa kichomi, wengine kwa urembo wa ujana wao, na dawa au masizi yakasuguliwa juu ya jeraha. Leo serikali yahimiza kila mama ajifungulie katika kituo cha huduma, nasi twaunga mkono kwa nguvu zote, maana tumewazika wengi. Lakini hakuna mtu aliyepata kumwambia bibi yule, usiku wa uchungu, arudi nyumbani kwa sababu ya chale zake.

Na wazee wetu wanawakumbuka Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata mkonge katika mashamba ya nchi hii wakati wa ukoloni, Morogoro yetu ikiwamo. Nyuso zao zilikuwa na nembo zilizochanjwa kwa kisu na kutiwa masizi, mistari iliyovunjikavunjika mashavuni na kwenye paji la uso. Walichekwa kwa ajili ya nembo hizo, wakaogopwa, wakapewa majina yasiyopendeza. Kwao nembo ilikuwa cheti cha kuzaliwa na ushahidi kwamba mtu amevumilia maumivu akakomaa. Watu hao wakawa majirani zetu, wakaoa na kuolewa, wakabatizwa. Wajukuu wao wamo kwaya, na dharau ile imekwisha. Twashangaa kwamba tumeifukuza mlangoni nayo imerudi kwa dirisha, na safari hii kumwandama mtoto wetu wenyewe.

Kuna atakayesema kwamba chale za bibi ni mila na tatuu ya binti ni uhuni. Tumelifikiri jambo hilo. Wapo kweli vijana wanaochora matusi, au picha za utupu, au alama za makundi ya vurugu, na hatuna sababu ya kuwatetea. Mgonjwa ana haki ya kutotazamishwa tusi akiwa kitandani. Lakini basi tuhukumu kilichochorwa, tusihukumu kuchorwa. Jina la mama si uhuni. Aidha mtoto aliyechanjwa chale akiwa na miezi sita hakuulizwa, na kwa jicho la mwajiri asiyezijua mila zetu, chale ni alama kama alama nyingine. Tukikubali leo kwamba ngozi iliyoandikwa haifai kuvaa sare ya muuguzi, kesho tusishangae anayerudishwa akiwa binti wa mlimani mwenye chale za degedege, ambaye hakufanya lo lote ila kuugua akapona.

Tuje kwenye ajira, maana hofu ya wazee hapo ina msingi. Matangazo ya kuajiri askari wa Jeshi la Polisi hutaja wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Ni sharti lao, na kijana anayetaka kazi hiyo alijue mapema. Lakini wodi si kambi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi awe amesoma na kufaulu, awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na awe na leseni. Hospitali moja moja zaweza kuweka kanuni zake za mavazi na mwonekano kazini, na hilo ni haki yao. Haki ya mwombaji nayo ni kwamba kanuni hiyo iwe imeandikwa, itangazwe kabla hajauza mbuzi kulipia ada, na iwe sawa kwa wote, mwenye mjomba wilayani na asiye naye. Kanuni inayotolewa mfukoni siku ya usaili, baada ya mtu kuonekana, haistahili kuitwa kanuni.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 22, inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsi, ulemavu na mengine kadhaa, ila inamruhusu mwajiri kudai sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji. Tatuu haimo katika orodha hiyo, na hatutaki kuwapa vijana matumaini ya uongo. Lakini kabila limo, na anayemrudisha mtu kwa nembo ya ukoo wake anacheza karibu sana na mstari huo. Na swali ambalo sheria inatufundisha kuuliza ni jema hata pale isipotulazimisha: je, kazi yenyewe yahitaji nini?

Kazi ya muuguzi yahitaji mkono safi. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi walikufa kwa homa ya uzazi zaidi katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari hao walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Mikono ile iliyokuwa ikiua, kwa kadiri tujuavyo, haikuwa na mchoro wo wote. Ilikuwa mikono ya mabwana waheshimiwa. Na hata leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linataja nyakati tano ambazo mhudumu hana budi kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka.

Wino ukishapona hukaa ndani ya ngozi, chini ya tabaka lake la juu. Haung'oki, haumwambukizi mgonjwa, wala haumzuii mtu kunawa. Wakati wa hatari ni wakati wa kuchorwa. Sindano moja ikipita kwa vijana wanne bila kutakaswa yaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, aina ya B na ya C. Kirusi cha homa ya ini B chaweza kuishi nje ya mwili hata siku saba, na mwenye nacho aweza kukaa miaka bila dalili. Wembe wa chale ulio mmoja kwa ukoo mzima una hatari ileile. Basi tazameni tulivyokosea: tuliuliza juu ya herufi, hatukuuliza juu ya sindano. Kama kweli tuliwajali wagonjwa atakaowahudumia, na kumjali yeye mwenyewe, swali la kwanza lilikuwa kama amepima, na la pili kama amepata chanjo ya homa ya ini B, ambayo mhudumu ye yote wa afya ashauriwa kuipata, mwenye tatuu na asiye nayo. Tume imekwisha kumshauri aende kupima. Matokeo ni yake, hatukuyauliza.

Mjumbe mmoja alipendekeza avae mikono mirefu akiwa kazini, jambo liishe. Pendekezo hilo ni la upole, lakini ncha ya mkono mrefu hugusa kitanda hiki na kile, na humzuia mtu kunawa hadi juu ya kifundo. Ndiyo maana nchini Uingereza mwaka 2007 serikali ilitangaza kwamba wanaowahudumia wagonjwa wawe mikono wazi kuanzia viwikoni kushuka chini, bila saa wala mikono mirefu. Kumficha binti huyu ndani ya kitambaa kwaweza kuwadhuru wagonjwa kuliko herufi zake tano.

Wala tusimwambie akafute. Kufuta tatuu kwa mionzi ya leza ni ghali, hutaka kurudiwa mara nyingi, na ngozi nyeusi yaweza kubaki na mabaka. Kijana aliyekatiwa tamaa hujaribu njia za uani, tindikali ya betri au chuma cha moto, na kovu linalofura baada ya hapo huwa kubwa kuliko maandishi yaliyokuwapo.

Tukubali nafsini kwamba wapo wagonjwa, hasa wazee, watakaoshtuka. Mtu mgonjwa ni mwoga, na hutafuta ishara katika kila kitu. Lakini kwa miaka mingi tumesikiliza malalamiko ya watu wetu juu ya huduma za afya, nasi twayajua: lugha ya ukali kwa mama anayejifungua, fedha zinazoombwa chini ya meza, mlango uliofungwa usiku, dawa zisizokuwapo. Hatukumbuki hata lalamiko moja juu ya ngozi ya muuguzi. Mama mwenye uchungu hapa Kisaki, masika, wakati barabara ya Mvuha na Matombo imekuwa tope na Morogoro mjini imekuwa kama ng'ambo, hatauliza nani ameandikwa nini mkononi. Reli ya TAZARA inapita hapa, lakini treni haina ratiba ya uchungu. Atauliza tu kama yupo mtu. Na mtoto wa hapa, akisomea uuguzi, ana sababu ya kurudi ambayo mgeni aliyepangwa kwa lazima mara nyingi hana.

Kwenu vijana twasema pia, bila kuwabembeleza. Msifikiri kwamba kwa kuwa tumemtetea mwenzenu tumewafungulia mlango wa kwenda kuchorwa. Mkono, shingo na uso ni mahali ambapo kila mwajiri atapaona kabla hajaona cheti, na si kila mwajiri atasoma kurasa hizi. Uamuzi wa jioni moja mkiwa na miaka 15 mtautembeza mkiwa na miaka 50. Na sindano ya mtu wa mitaani msiikubali kamwe, hata akisema ameichoma kwa kiberiti.

Kwenu viongozi wenzetu tuna ombi moja mahususi. Barua ya mwenendo ishuhudie mwenendo. Je, mwombaji ni mwaminifu? Je, huja jumuiya? Aliwahi kuuguza mgonjwa nyumbani, na alimfanyiaje? (Binti huyu alimwogesha bibi yake aliyepooza kwa muda wa miaka miwili, kila mtu katika kikao kile alilijua hilo.) Mambo ya sare na mwonekano tuwaachie chuo na hospitali, waliopewa kazi ya kuyaamua. Sisi tusiwe walinzi wa lango ambalo si letu. Na barua ikiombwa, ijibiwe ndani ya wiki mbili, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu iliyoandikwa, ili aliyenyimwa aweze kwenda kwa paroko kulalamika. Kuahirisha kukomeshwe.

Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa kila mwaka, na kikao kile kitakaa tena mwezi ujao. Barua ya binti imeandikwa upya, mistari sita, haitaji mkono wake. Inahitaji sahihi tatu. Wajumbe wetu wawili walionyamaza mara ya kwanza wamekwisha kuweka zao. Ya tatu ni ya mwenyekiti, naye ameahidi kuisoma.